Malkia wa usiku hajagoma kuchanua, amedekezwa

NYUMBA nyingi mijini zina chungu kimoja kilichokaa pembeni ya baraza kwa miaka, kikiwa na mmea wenye matawi marefu, bapa, ya kijani, yanayoning'inia kama mikanda. Aliyeuleta alipewa kipande na shangazi au jirani, akaambiwa kwamba siku moja utatoa ua kubwa jeupe, linalofunguka usiku na kunukia hadi chumba cha pili. Mwaka wa kwanza watoto waliuliza litatoka lini. Mwaka wa pili wakauliza tena. Mwaka wa tatu hakuna aliyeuliza, na mwenye nyumba akaanza kuutazama kama kitu kinachojaza nafasi ya ndoo.

Mmea huo ndio malkia wa usiku. Jina lake la kitaalamu ni Epiphyllum oxypetalum. Una ndugu zake wenye maua mekundu, ya waridi, ya njano na ya rangi ya chungwa, ambao ni machotara waliozalishwa na watunza bustani. Hao hufungua maua yao mchana, na ua moja huweza kudumu siku mbili tatu. Wote kwa pamoja huitwa kaktasi za okidi, kwa sababu ya uzuri wa maua, ingawa si okidi hata kidogo. Ni jamaa ya dungusi kakati, ila matawi yao hayana miiba mikali.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mmea mkubwa usiochanua mara nyingi si mgonjwa. Umeshiba. Unamwagiwa maji kila siku, unawekewa samadi ya kuku kila mwezi, umepewa chungu kikubwa kuliko mahitaji yake, na umefichwa kwenye kivuli kizito ili jua lisiuguse. Kwa matunzo ya namna hiyo unaendelea kutoa matawi mapya, na familia inaendelea kusubiri. Mapenzi yapo, ila yamekwenda mahali pasipohitajika.

Unakotoka

Kwao ni misitu ya kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Huko hauoti ardhini kama mchicha. Unaota juu ya miti mikubwa, mizizi yake ikiwa imeshika gome na vijisehemu ambako majani makavu yamejikusanya na kuoza. Haunyonyi mti ulioubeba; unaegemea tu.

Mtu akiufikiria ukiwa kule juu, ataelewa karibu kila kitu kuhusu namna ya kuutunza. Mwanga anaoupata ni ule unaopenya katikati ya majani, kwa hiyo si giza na si jua la utosini. Mvua ikinyesha maji hupita na kuondoka, hayatuami. Chakula ni kidogo, kinatoka kwenye majani yaliyooza. Mizizi imebanwa mahali padogo. Na ukifika msimu wa ukame, mmea unakaa wiki kadhaa ukiishi kwa maji uliyoyahifadhi katika matawi yake manene.

Yale yanayoonekana kama majani ni matawi. Ukingoni mwake kuna mapengo madogo madogo, na ndani ya mapengo hayo ndimo maua yanamotokea. Ndiyo maana anayepunguza kila tawi lililozeeka ili mmea uonekane nadhifu huwa anakata maua ya mwaka ujao bila kujua. Tawi lililokomaa ndilo linalochanua. Lifaalo kukatwa ni lile lililooza, lililosinyaa kabisa au lililovunjika.

Mwanga kwanza

Kati ya sababu zote, kivuli kizito ndicho cha kuchunguzwa mwanzo. Chungu kilichowekwa sebuleni mbali na dirisha, au nyuma ya nyumba ambako jua halifiki kamwe, kitatoa matawi membamba yanayorefuka kama yanatafuta njia ya kutokea. Hiyo ni dalili ya njaa ya mwanga.

Mahali pazuri ni baraza inayopata jua la asubuhi, kuanzia linapochomoza hadi saa tatu au saa nne, kisha kivuli chenye mwanga kwa siku iliyobaki. Chini ya mwembe au mparachichi usiofunga sana pia panafaa. Jua la saa saba mchana huunguza, na matawi hugeuka njano au mekundumekundu. Rangi hiyo ikianza kuonekana, chungu kisogezwe kidogo kivulini. Mmea uliozoea kivuli usitolewe juani kwa siku moja. Usogezwe hatua kwa hatua kwa wiki mbili hivi.

Chungu, udongo na maji

Chungu chenye upana wa sentimita 20 kinatosha kwa miaka kadhaa. Kopo la rangi la lita 4 lililotobolewa chini linafaa vilevile. Mizizi ikibanana kidogo si tatizo. Wengi waliohamishia mmea wao kwenye ndoo kubwa wamejikuta wakisubiri tena, kwa sababu mmea hujaza ndoo kwanza kwa mizizi na matawi.

Udongo uwe mwepesi, wa kupitisha maji. Mchanganyiko ambao familia inaweza kuutengeneza bila gharama ni sehemu moja ya udongo wa bustani, sehemu moja ya majani yaliyooza vizuri, na sehemu moja ya vitu vya kuachanisha udongo, kama mchanga mkubwa, vipande vidogo vya mkaa au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Udongo wa mfinyanzi peke yake huua mizizi kwa kushika maji.

Maji yamwagwe pale udongo wa juu unapokauka. Kipimo ni kidole: mtoto akichomeka kidole hadi kiungo cha kwanza na kukuta pakavu, anamwagilia mpaka maji yatoke chini. Akikuta unyevu, anaacha. Kisahani cha chini kimwagwe maji baada ya muda mfupi, kwa sababu mbili. Mizizi iliyokaa majini huoza. Pili, maji yaliyotuama karibu na nyumba ni mazalia ya mbu, wakiwamo wale wanaoeneza homa ya dengue.

Kuhusu mbolea, tatizo huwa ni wingi wa naitrojeni. Mbolea kama urea na CAN, na samadi ya kuku iliyotiwa kwa wingi, husukuma matawi. Samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, kiganja kimoja juu ya udongo mara mbili kwa mwaka, inatosha kwa mmea wa nyumbani. Anayependa mbolea ya dukani achague NPK ambayo namba yake ya kwanza haizidi nyingine, aipunguze makali kwa kuiyeyusha kwenye maji mengi, na aitumie mara moja kwa mwezi katika msimu wa mvua tu.

Wiki za kuuacha upumzike

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanachotakiwa kufanya ni kutofanya. Mmea huu unahitaji kipindi cha mapumziko cha wiki sita hadi nane, ambacho maji hupunguzwa sana na mbolea husimamishwa kabisa.

Kwa familia zinazoishi Arusha, Moshi, Lushoto, Iringa, Mbeya au Nairobi, wakati huo unajileta wenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi na mvua ni chache. Chungu kibaki nje barazani, chini ya paa, kipate ubaridi wa usiku. Maji kidogo kila baada ya wiki mbili yanatosha, ili matawi yasisinyae. Machotara wenye maua ya rangi hufurahia sana ubaridi huu. Wanaokaa sehemu zenye baridi kali kama Njombe, ambako kuna usiku barafu huonekana kwenye nyasi, wauingize mmea ndani, kwani barafu huua matawi.

Wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wasikate tamaa kwa kukosa baridi. Ua jeupe la usiku linachanua vizuri hata katika nchi za joto kama Sri Lanka na kusini mwa India. Kwa watu wa pwani, ukavu ndio unaoshika nafasi ya baridi. Kipindi cha Juni hadi Septemba, au ule mwanya wa Januari na Februari kati ya vuli na masika, chungu kiwekwe mahali mvua ya ghafla haikifikii na maji yapunguzwe.

Mapumziko yakiisha, umwagiliaji unarudishwa polepole. Mara nyingi ni wakati huo, mvua zikikaribia au zikianza, ambapo vichomozo vinaanza kuonekana kwenye mapengo ya matawi.

Ni tawi au ni ua?

Watoto hupenda kubahatisha jambo hili, na linaweza kuwa shindano la nyumbani. Kichomozo cha tawi jipya ni chembamba na bapa. Cha ua ni kinene kidogo, cha duara, mara nyingi chenye wekundu, na baada ya siku chache huanza kurefusha shingo na kuning'inia.

Kutoka hapo hadi kuchanua huchukua kama wiki tatu hadi tano. Kipindi hiki ni cha hatari. Chungu kikihamishwa, kikigeuzwa, udongo ukikauka kabisa au ukijaa maji ghafla, machipukizi ya maua yanaweza kunyauka na kudondoka yote. Weka alama ya chaki sakafuni na kwenye chungu, ili atakayefagia baraza akirudishe kilivyokuwa. Konokono nao hupenda kula machipukizi hayo. Watafutwe usiku kwa tochi na kuondolewa kwa mkono. Wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba wapanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, kazi ambayo ni ya mtu mzima.

Usimwahidi mtoto tarehe

Kipande kilichopandwa leo kwa kawaida huchanua baada ya miaka miwili au mitatu, na wakati mwingine zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitano, huo ni muda mrefu kama nusu ya maisha yake. Mzazi anayemwambia "litachanua Krismasi" ili aache kuuliza anajiwekea deni ambalo mmea hautamsaidia kulilipa. Mtoto akidanganywa mara mbili kuhusu ua, siku ya tatu haamini hata jambo kubwa zaidi.

Ni afadhali kumwambia ukweli wenyewe: hatujui siku, lakini tunajua dalili. Dalili zinaweza kuangaliwa. Mtoto aliyeanza shule anaweza kuwa na daftari la mmea, akiandika kila Jumapili idadi ya matawi, urefu wa tawi jipya kwa rula, na siku maji yalipomwagwa. Mdogo zaidi anaweza kuchora. Kwa njia hiyo kusubiri kunakuwa na kazi ndani yake, na mtoto anaona kwamba kitu kinaendelea hata kabla ua halijatokea.

Ajali nazo zitatokea. Mpira utagonga chungu, au mtoto atashika chipukizi kwa udadisi na likabaki mkononi. Akigombezwa mpaka akalia, atakachokumbuka ni ukali wa mzazi. Akiambiwa kwamba mmea uliotoa moja unaweza kutoa jingine, na akakabidhiwa kazi ya kulilinda hilo lijalo, amejifunza namna ya kurekebisha. Na ni kweli: mmea uliokomaa mara nyingi hutoa maua zaidi ya moja, na unaweza kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Usiku wenyewe

Siku chache kabla ya kuchanua, chipukizi lililokuwa likining'inia huanza kupinda shingo na kuinua kichwa, kama ndoano. Linavimba. Ikifika siku yenyewe, mchana linaonekana limejaa kabisa na weupe unachungulia, na jioni ncha yake inaanza kulegea. Hapo hakuna tena cha kukisia. Ni leo.

Ua huanza kufunguka kwenye saa moja au saa mbili usiku, na kwa kawaida linakuwa limefunguka lote kati ya saa nne na saa sita. Linaweza kuwa pana kuliko kiganja cha mtu mzima, jeupe, lenye nyuzi nyingi laini katikati, na harufu yake hujaza baraza. Huko kwao harufu hiyo na weupe huo ni mwaliko kwa nondo wakubwa wa usiku wanaobeba chavua. Alfajiri ua limeshafumba, na jua likitoka linaning'inia kama kitambaa kilichololoa.

Sehemu nyingi za Asia watu hualika majirani kukesha nalo. Wajapani huliita mrembo chini ya mwezi, na Wachina wana msemo unaolitumia ua hili kwa jambo lililong'aa kidogo na kutoweka.

Shida ni kwamba ua halijui ratiba ya shule. Linaweza kuchagua Jumanne, siku moja kabla ya mtihani, na mama yuko zamu ya usiku. Familia inayotaka kuliona pamoja ijipange tangu shingo inapopinda. Watoto walale mapema wakiwa wamekula na kuoga, waamshwe saa nne, wakae nusu saa, warudi kitandani. Nusu saa ya usingizi iliyopotea usiku mmoja inafidiwa kesho yake. Aliye kazini atumiwe picha, lakini asiyekuwapo ahesabiwe kwanza wakati chipukizi la pili litakapoinua kichwa. Usiku ule, ua likishaanza kufunguka, chungu kinaweza kubebwa taratibu hadi sebuleni au karibu na kiti cha bibi asiyeweza kutoka nje.

Simu zitatoka, hilo haliepukiki. Basi zipigwe picha dakika tano za kwanza, kisha ziwekwe kando. Taa za baraza zikizimwa na watu wakanyamaza, wenye macho makali wanaweza kuona majani ya ua yakisogea. Kwa watoto waliozoea kila kitu kupatikana kwa kubofya, kuketi gizani karibu na baba na mama wakingoja kitu kisichoharakishwa ni jambo geni. Baadhi yao huanza kuzungumza mambo ambayo mchana hawayasemi. Mzazi awe tayari kusikiliza.

Tahadhari kwa wenye watoto wadogo

Kuna mmea mwingine ambao pia watu huuita malkia wa usiku. Huo ni kichaka chenye majani membamba na vimaua vidogo vingi vya kijani-njano, vinavyonukia sana usiku, na baadaye hutoa vitunda vidogo vyeupe. Kichaka hicho kina sumu, na vitunda vyake visifikiwe na watoto. Anayepewa mche aangalie kwanza: wa kwetu hapa una matawi bapa na mazito, na ukikatwa hutoa majimaji yasiyo na rangi. Mmea unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, kama mnyaa, ni kitu kingine kabisa, na utomvu huo ni hatari kwa macho.

Kipande cha kumpa mwingine

Mmea uliochanua unapaswa kugawiwa. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 kutoka tawi bapa lililokomaa, kwa kisu kisafi. Kiweke kivulini wiki moja mpaka kidonda kikauke. Kisha kichomeke sentimita 4 hivi kwenye udongo mwepesi wenye unyevu mdogo sana, upande uliokuwa chini ubaki chini. Usikimwagilie kwa wingi mpaka kishike mizizi, kazi inayochukua wiki tatu hadi sita. Anayemwagilia kila siku atakiozesha.

Juu ya chungu bandika karatasi yenye tarehe na jina la aliyetoa mbegu ile. Mtoto aliyekesha na ua akabidhiwe kazi ya kupeleka kipande hicho kwa jirani au kwa rafiki yake, na awaeleze mwenyewe: jua la asubuhi, chungu kidogo, maji udongo ukikauka, wiki kadhaa za kiu, na msihamishe likianza kuchipua. Wakimuuliza litachanua lini, atajua la kuwajibu.